Mtunza Kambi Aliyeogopa Ziwa

Nkwabi Masele alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza, na hakulipenda hata kidogo.

Alikuwa amekaa juu ya magunia ya saruji nyuma ya lori la misitu. Lori likapinda kona ya mwisho ya mlima Lukumbi, miti ikaachana, na kule chini kukawa na maji. Maji mbele, maji kushoto, maji mpaka pale mbingu inapogusa chini. Kwao Mhunze, huko Shinyanga, maji ni kitu unachokifukua kwa mikono kwenye mchanga wa mto mkavu, unasubiri yajikusanye, unawanywesha ng'ombe kwanza, halafu unakunywa wewe. Hakuwahi kufikiri kwamba yanaweza kuwa mengi hivyo. Akapitisha mkono kwenye dirisha dogo la nyuma, akamgusa dereva begani.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Ipo," dereva akamjibu. "Ila kutoka hapa huioni."

Nkwabi akarudi kukaa juu ya magunia yake, akayapa maji mgongo mpaka lori liliposimama.

Mwaka huo ulikuwa 1967. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka uliotangulia na wafanyakazi wake wametawanyika kila upande. Nkwabi alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekwenda mgodini baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yake, akafanya kazi ya kukata magogo na kuyasimamisha chini ya ardhi ili mwamba usiwaporomokee watu. Kazi ilipokwisha hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu kwenye zizi lisilo na ng'ombe. Ndipo alipokutana na Bwana Theonest, ofisa misitu kijana, Mhaya, mwenye kofia ya majani na maneno mengi. Theonest alikuwa ametumwa kujenga kambi ya mapumziko ya wageni chini ya mlima Lukumbi, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na alikuwa akitafuta mtu anayejua magogo.

"Wageni watakuja kufanya nini?" Nkwabi alimuuliza siku ya kwanza, walipokuwa wakisafisha vichaka.

"Kupumzika. Watapanda mlima, watatazama ndege na tumbili, watavua samaki, watalala."

"Watalala wapi?"

"Wengine kwenye vibanda tutakavyojenga. Wengine kwenye mahema yao."

Nkwabi alisimamisha panga. "Hao wageni hawana nyumba kwao?"

"Wana nyumba nzuri kuliko yako na yangu."

"Basi wana ugomvi na wake zao."

Theonest alicheka mpaka akavua kofia. Lakini Nkwabi hakuwa akitania. Ilimchukua muda mrefu kuamini kwamba mtu mwenye kitanda anaweza kusafiri kutwa nzima kwenye vumbi ili aje alale chini.

Walijenga vibanda vichache vya miti na nyasi pembeni mwa viwanja vya mahema, choo cha shimo chenye mlango mzuri, na njia ya mawe ya kupanda mpaka kileleni, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaona visiwa vimetawanyika majini kama ng'ombe waliolala. Penye kila uwanja wa kupigia hema Nkwabi alijenga mafiga ya mawe na benchi la gogo. Theonest akasema viwanja vipewe namba. Nkwabi akasema namba hazikumbukiki, bora majina, na majina anayo yeye. Akavipa majina ya ng'ombe wa baba yake waliokufa na ukame: Madoa, Pembe Moja, Kijivu, Bibi Harusi, na kile cha karibu na choo akakiita Msumbufu, kwa sababu huyo ng'ombe alikuwa hivyo. Kisha akachonga ubao wa kuweka barabarani, akauandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: KALIBUNI LUKUMBI. Theonest aliisoma ile L mara mbili, kisha akamshikia ubao apigilie misumari. Ubao ukabaki vile vile.

Wageni wakaanza kuja. Madaktari wa hospitali za misheni walikuja na vitabu vyao vya ndege. Familia za Wahindi kutoka Mwanza zilikuja na masufuria makubwa na bibi wa kukaa kwenye kiti kivulini. Wanafunzi wa chuo walikuja na gitaa. Wote walimwuliza mambo ya ziwa, na yeye akawajibu mambo ya mlima. Mlima aliujua jiwe kwa jiwe. Alijua pango la popo, mti ambao tumbili huupenda mwezi wa matunda, na njia ambayo kiboko hupita alfajiri akitoka kula majani, kwa hiyo hakumruhusu mtu yeyote kupiga hema hapo hata kama alikuwa mkuu wa wilaya. Ila ziwa hakuligusa. Alijitengenezea mti mrefu wenye kopo la samli kwenye ncha, na kwa mti huo alichota maji akiwa amesimama juu ya jiwe kavu, akajaza ndoo, akaenda kuoga nyuma ya kibanda chake.

Hivyo ndivyo Mwahija alivyomkuta.

Mwahija alikuwa binti wa mzee Akida, fundi cherehani na mwenye duka dogo Geita mjini. Baba wa mzee huyo alikuwa amekuja bara na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa Msumbwa, akabaki. Mwahija mwenyewe alikuwa ameolewa mara moja na kuachika, hakuwa na mtoto, na alikuwa akifuata dagaa na sato wa kukausha kwenye mwalo wa wavuvi uliokuwa mwendo mfupi kutoka kambini. Siku hiyo alipita ufukweni na kapu kichwani, akamwona mwanamume mrefu kama mlingoti akivua maji kwa fimbo.

"Kaka, hujambo? Mbona unavua maji? Samaki wamekushinda?"

"Sijambo, dada. Nachota ya kuoga."

"Ya kuoga!" Akatua kapu. "Na hili lote mbele yako ni la nini?"

"Hilo ni la samaki," Nkwabi akasema. "Mimi na samaki hatujazoeana."

Mwahija alicheka, naye Nkwabi, ambaye kwa kawaida hakupenda kuchekwa, aligundua kwamba angependa kusikia kicheko kile tena. Wiki iliyofuata alikuwa amesimama juu ya jiwe lile lile, ndoo yake imejaa kitambo, akisubiri mtu apite na kapu.

Baadaye Mwahija akaanza kuwapikia wageni. Wageni walikuwa wakija na mikate mikavu na samaki wa kopo, naye akasema ni aibu mtu kula samaki wa kopo akilitazama ziwa. Alipika sato wa nazi pale nazi zilipopatikana, na zisipopatikana alipika kwa karanga. Alichoma mikate ya kumimina asubuhi mpaka watu wakatoka kwenye mahema bila kuamshwa. Baada ya mwaka wa kuonja na kusifu, Nkwabi akavaa shati lake jeupe akaenda Geita kumwona mzee Akida.

Mzee Akida alikuwa nyuma ya cherehani yake, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa kambini? Kaa. Nimesikia habari zako. Nimesikia hufuati dini yoyote, na tena unaogopa maji."

"Dini nimekuja tuizungumze, mzee. Niko tayari kusilimu. Nimelifikiria muda mrefu, wala sikushurutishwa."

"Hilo jema. Na maji? Mwislamu anatawadha mara tano kwa siku."

"Mzee, kwetu Shinyanga wapo Waislamu wengi," Nkwabi akasema kwa upole, "na ziwa hawana hata moja. Wanatawadha kwa birika."

Mzee Akida alikanyaga cherehani, akashona mstari mzima. Nkwabi akaona mabega yake yanatikisika, akafikiri amemkasirisha. Kumbe mzee alikuwa anacheka na hataki kuonekana.

Walioana mwaka 1970. Msikitini alipewa jina la Abdu, na kwenye cheti cha ndoa limeandikwa hivyo, lakini watu wa Lukumbi waliendelea kumwita Nkwabi mpaka walipopata binti, Zamoyoni, na kuanzia hapo akawa Baba Zamoyoni kwa kila mtu, hata kwa Bwana Theonest.

Miaka hiyo ilikuwa mizuri. Wakati wa kiangazi viwanja vyote vilijaa, na Mwahija aliweza kumsikia mume wake akiwatuma watu kwa sauti ya mchungaji: "Ninyi kalaleni kwa Pembe Moja! Mama, wewe na watoto kwa Bibi Harusi, pana kivuli!" Wageni walirudi makwao wakiwaeleza jamaa zao kwamba wamelala kwa Pembe Moja, na wanaojua tu ndio walioelewa.

Halafu ikaja vita ya Uganda, na wageni wakakatika. Vita ilipokwisha, hali ikawa ngumu kuliko wakati wa vita. Petroli ilikuwa adimu, magari yalisimama juu ya mawe, sabuni na sukari vilipatikana kwa kufahamiana. Nani angesafiri kwenda kutazama ndege? Bwana Theonest akahamishiwa Tabora. Alimuaga Nkwabi kwa kumshika mkono muda mrefu, akamwambia, "Wewe tunza tu. Mambo yatarudi." Baada yake hakuletwa mwingine, na ofisini ilielekea watu wamesahau kama kuna kambi.

Nkwabi aliendelea kutunza. Kila asubuhi alifagia Madoa, akafagia Kijivu, akapanga mawe ya mafiga yaliyosogezwa na nyani. Nyasi za mapaa zilipooza alikata mpya. Alipanda njia ya kileleni akikwanyua majani yaliyoziba, akafika juu, akatazama, akashuka. Hakuna aliyekuja. Walikula muhogo wa shamba lao na samaki wa mwaloni, wala hawakulala njaa, lakini Mwahija alikuwa mtu wa watu. Alizoea sauti, vicheko, masufuria makubwa. Kupikia watu watatu kulimnyong'onyeza.

Kwenye masika ya mwaka 1982 akamkabili.

"Baba Zamoyoni, unamfagilia nani?"

"Wageni."

"Wageni gani? Miaka inapita sijaona hata alama ya tairi barabarani. Donatus mliyefanya naye kazi mgodini amepata shimo lenye dhahabu, amekuita mara ngapi? Baba anazeeka. Tuhamie Geita, mtoto asome na wenzake."

"Nikiondoka, baada ya masika mawili hapa patakuwa pori."

"Palikuwa pori ulipokuja."

"Ndiyo," Nkwabi akasema. "Nilikuwepo."

Mwahija aliliona jibu hilo kama ukaidi mtupu. Alikunja nguo zake na za Zamoyoni, akamwambia anakwenda kumwuguza baba yake, na wote wawili walijua kuwa mzee Akida alikuwa mzima, anashona. Nkwabi akawabebea mizigo mpaka barabarani. Waliagana kwa adabu, kama watu wasiofahamiana vizuri, na jambo hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alibaki peke yake na tumbili. Alijipikia ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, ukawa mgumu. Alijikuta anaongea kwa sauti na kile kibanda cha kupikia. Aliendelea kufagia, ingawa sasa hata yeye alianza kujiuliza anamfagilia nani.

Mvua mwaka huo zilinyesha kama zimetumwa. Daraja la barabara ya Geita likachukuliwa na maji. Na mchana mmoja, Nkwabi akiwa katikati ya njia ya mlima anazibua mfereji, upepo ukabadilika ghafla. Ziwa likawa na rangi ya risasi. Akageuka kulitazama, kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemwamini, akaona boti.

Ilikuwa boti ya mbao ya abiria, ile ya Athanas, iliyokuwa ikipita mbali kila wiki kwenda miji ya pwani ya ziwa. Siku hiyo haikuwa mbali. Haikuwa na moshi wala mlio. Injini ilikuwa imezimika, na upepo ulikuwa ukiisukuma ubavu ubavu kuelekea kwenye miamba ya rasi ya Lukumbi, ambako wavuvi wenyewe hawapiti hata kukiwa shwari. Juu yake watu walikuwa wamejazana, na wengine walikuwa wakipunga nguo.

Nkwabi aliteremka mlima mbio. Akapiga ukelele wa kuita watu wa mwaloni, ule wa Kisukuma wa kuita watu ng'ombe wanapoibwa. Akaingia stoo akatoa kamba ndefu ya katani ya mahema makubwa. Akafunga ncha moja kwenye shina la mkuyu pale Pembe Moja, ncha nyingine akajifunga kiunoni. Kisha akaingia ziwani.

Watu wa mwaloni waliofika wakikimbia wanasema alikuwa akipiga kelele tangu maji yalipomfika magotini. Maneno hayakueleweka, ilikuwa kelele tu, ya hofu, na hakuacha kupiga kelele wala hakuacha kwenda mbele. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Athanas akarusha kamba kutoka kwenye boti, haikufika. Akaivuta, akarusha tena, ikaangukia mbele ya Nkwabi kiasi cha hatua chache. Wimbi likamfunika kichwa. Lilipopita, alikuwa bado amesimama, maji shingoni, ameishika kamba ya boti kwa mikono miwili. Urefu aliopewa na Mungu siku hiyo ulipata kazi yake.

Wavuvi wakadaka kamba ya katani, wakaungana wanaume kwa wanawake, wakavuta. Boti ikageuza pua. Ikasita, ikajikuna kwenye jiwe kwa mlio wa kutisha, kisha ikalegea ikaja taratibu kwenye mchanga kama ng'ombe aliyekubali kuingia zizini. Watu wakaanza kurukia majini wakilia na kucheka. Na juu ya vurugu yote hiyo ikasikika sauti ya mwanamke:

"Baba Zamoyoni! Nani kakutia majini?"

Nkwabi akatazama juu. Mwahija alikuwa kwenye ukingo wa boti, kanga imemganda mwilini, amemshika Zamoyoni kwa mkono mmoja na kapu kwa mkono mwingine. Nkwabi alijaribu kumjibu, sauti ikawa imekwisha kwa kelele alizopiga. Akanyoosha mikono tu, akampokea binti, akampokea kapu, akampokea na mke.

Baadaye Mwahija alieleza. Huko Geita mzee Akida alikuwa amemvumilia kwa majuma kadhaa, mwisho akavua miwani akasema, "Binti yangu, tangu umefika hapa habari zako ni mafiga na viboko. Mimi sina kiboko. Rudi kwako." Barabara ilikuwa imekatika, ndiyo maana akaenda na lori mpaka gati la mbali akapanda boti.

Jambo moja hawakukubaliana maisha yao yote. Mwahija alishikilia kwamba mume wake alimtambua kutoka mlimani, ndipo akaingia majini. Nkwabi alishikilia kwamba hakumwona mtu, aliona boti tu. "Unaniambia ungeingia ziwani kwa ajili ya Athanas?" Mwahija alikuwa akiuliza mbele za watu, naye Nkwabi alijibu kwa utulivu, "Kwa ajili ya Athanas, ndiyo." Mwahija hakumwamini, lakini alipenda kuuliza.

Sasa ufukweni kulikuwa na umati uliolowa. Injini ilikuwa imekufa kabisa, barabara hakuna, na mvua ilikuwa inarudi. Nusu ya abiria walikuwa wanakwaya wa misheni ya Ushirombo waliotoka kuimba kwenye upadrisho huko visiwani, pamoja na kiongozi wao, Sista Melania, mtawa mnene, mchangamfu, aliyepoteza kiatu kimoja. Wengine walikuwa wachuuzi, mama na watoto, na mwanamke mmoja aitwaye Mageni mwenye tumbo kubwa, aliyekuwa akienda kujifungulia kwa mama yake.

Nkwabi aliwatazama wote. Kisha akasimama wima, maji yanamtiririka, akapata tena sauti yake ya uchungaji.

"Karibuni. Kwaya, wanaume nendeni kwa Kijivu, vibanda viko tayari. Wanawake kwa Madoa. Huyu mama mwenye hali yake apelekwe kwa Bibi Harusi, pale hapavuji. Sista, wewe uende naye."

"Bibi Harusi ni nani?" Sista Melania akauliza.

"Alikuwa ng'ombe wetu," Nkwabi akasema. "Alikuwa mpole sana."

Vibanda vilikuwa vimefagiwa. Nyasi za mapaa zilikuwa mpya. Kuni kavu zilikuwa zimepangwa stoo mpaka juu. Mwahija alisimama mlangoni pa ile stoo akizitazama zile kuni, kisha akamtazama mume wake. Alifunga kanga kiunoni, akateremsha lile sufuria kubwa lililokuwa limefunikwa kwa miaka, akaanza kutoa amri.

Walikaa pale mpaka maji ya barabarani yalipopungua na fundi wa injini alipopatikana. Wavuvi walileta samaki, wanakijiji walileta michembe ya viazi vikavu na maziwa mgando. Mageni alijifungua asubuhi ya pili, mtoto wa kiume, mikononi mwa Sista Melania ambaye hakuwa mkunga, na Mwahija ambaye hakuwa amezalisha mtu yeyote, lakini aliyesema baadaye kwamba mtoto alikuwa anajua njia mwenyewe. Jina la mtoto lilileta mjadala mrefu. Kwaya walitaka la mtakatifu wa siku hiyo, Athanas alitaka lake, kwa kuwa boti ni yake. Mageni akasikiliza wote, akamwita Masele, jina la baba yake Nkwabi. Nkwabi alipoambiwa alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana," akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jioni, kabla jua halijazama, kwaya waliimba ufukweni, kwanza nyimbo za kanisa, halafu za mavuno za Kisukuma ambazo kila mtu alizijua. Nkwabi alicheza, na wale waliomwona wanasema mtu mrefu namna ile akicheza huwezi kutazama kitu kingine. Mwahija na Sista Melania hawakuona, walikuwa wakigombana juu ya chumvi ya maharage. Sista aliamini maharage yatiwe chumvi mwanzo, Mwahija aliamini mwisho. Waligombana kwa furaha kubwa, kama watu waliokuwa wakitafutana.

Siku ya kuondoka, Sista Melania alimwuliza Nkwabi kama kambi inapokea watu wa kawaida, au ni ya wazungu na madaktari tu.

Nkwabi akafikiri. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza. "Ubao unasema karibuni," akajibu. "Haukusema nani."

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, lori la misheni likaja limejaa wanakwaya na masufuria. Wakakaa wiki nzima. Wakapanda mlima wakiimba, tumbili wakahama kwa muda. Habari zikaenea. Shule ya msingi ikaleta watoto waone visiwa kutoka kileleni, na wengi wao, ingawa walizaliwa karibu na ziwa, hawakuwahi kuliona kutoka juu. Waislamu wa Geita wakaanza kuja siku ya pili ya Iddi. Mzee Akida alikuja nao mara moja na cherehani yake, kwa sababu hakuweza kukaa bila kushona, akawekewa meza kwa Madoa chini ya kivuli, na akawashonea watoto wa mwaloni kaptula kutokana na hema la zamani lililoraruka.

Hata Bwana Theonest alirudi, akiwa na mvi na cheo kikubwa, kukagua misitu ya kanda. Alitegemea kukuta magofu. Alikuta harusi. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa ameoa, na watu walikuwa wamejaa mpaka kwa Msumbufu. Theonest alitembea kiwanja hadi kiwanja, mikono nyuma, akisoma majina ya ng'ombe kwa sauti ndogo. Mwisho akapewa sahani na kulazimishwa kukaa.

"Nilikuambia utunze," akamwambia Nkwabi. "Sikukuambia uozeshe watu."

"Wanaoana wenyewe, mkubwa. Mimi nawapa kivuli."

Kuanzia hapo mshahara ulifika kwa wakati zaidi, na ikaletwa pia saruji ya kurekebisha choo. Donatus, rafiki wa mgodini, alipita mara kadhaa, siku nyingine akiwa na saa mpya mkononi, siku nyingine hana hata viatu, kama dhahabu ilivyomtaka. Kila alipopita alipewa kibanda na ugali, akalala mchana kutwa.

Nkwabi alistaafu mwaka 1989. Wakajenga nyumba ya matofali juu kidogo ya barabara, upande wa mlima, na Zamoyoni aliyekuwa amemaliza shule akaajiriwa kambini mahali pa baba yake, wa kwanza mwanamke kuvaa zile sare za kijani pale Lukumbi. Mama yake alishona mwenyewe ile sare upya kwa sababu, alisema, aliyeikata hakuwahi kumwona msichana.

Tangu ile siku ya boti Nkwabi aliingia ziwani mara nyingi, mpaka magotini. Alisema yanatosha. Asubuhi nyingi za uzee wake angeweza kuonekana amesimama hapo, suruali imekunjwa, Mwahija amekaa juu ya mwamba nyuma yake akichambua dagaa kwenye ungo na kumsimulia habari za mjini. Wakati mwingine alimwambia asogee mbele kidogo, hakuna kitu kitakachomla. Nkwabi alisogea hatua moja, akageuka kumtazama kama ameona, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.